Chura wa Kihansi na mti wa Kilwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha biolojia sekondari. Kila tukifika kwenye mada ya viumbe walio hatarini kutoweka, wanafunzi hutaja tembo, faru na sokwe, na mwenye kumbukumbu nzuri atamtaja chura wa Kihansi. Mti hautajwi. Nikiutaja mimi, mikono inanyanyuka. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa darasani, na mengine nimeulizwa na wazazi na walimu wenzangu. Nimeyajibu kwa kuweka viumbe wawili wa Tanzania bega kwa bega, mnyama mmoja na mmea mmoja, kwa sababu tangu nilipoanza kuwafundisha pamoja nimeona wanafunzi wanaelewa zaidi.

Hawa wawili ni akina nani?

Chura wa Kihansi, kwa jina la kisayansi Nectophrynoides asperginis, ni chura mdogo wa manjano aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, katika mteremko wa milima ya Udzungwa. Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa waliomwandika kitaalamu kwa mara ya kwanza. Jike mkubwa hafiki sentimita tatu. Hatagi mayai dimbwini kama vyura tuliowazoea: hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa tayari vyura kamili, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba akiwa na mimba unaweza kuwaona watoto kwa ndani. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili hivi, sawa na viwanja vitatu vya mpira vikiunganishwa.

Mti ni Karomia gigas. Ni wa misitu ya pwani, na ukoo wake ni ule ule wa mrehani tunaopanda uani na mtiki wa mashamba ya Longuza. Shina lake hunyooka kwenda juu mita nyingi kabla ya kutoa tawi, kwa hiyo aliyesimama chini huona gome tu, majani na matunda viko mbali juu. Ulikusanywa kwanza Kenya mwaka 1977, na mti uliojulikana huko ulikuja kukatwa. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini umekwisha kabisa. Kisha timu iliyowahusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikaukuta tena katika misitu ya Kilwa, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 2011. Miti michache tu. Mpaka leo inayojulikana porini inahesabika mmoja mmoja, na kila mmoja wataalamu wanajua umesimama wapi.

"Kuwa hatarini kutoweka" kunapimwaje? Mti na mnyama wanatumia kipimo kimoja?

Ndiyo, kipimo ni kimoja, na hapa ndipo watu wengi hushangaa. Shirika la uhifadhi la IUCN lina Orodha Nyekundu, na vigezo vyake ni vile vile kwa nyangumi, kwa konokono na kwa mbuyu. Kwa mfano, kiumbe chenye watu wazima wasiofika 50 huingia moja kwa moja kwenye daraja la hatari kubwa kabisa. "Watu wazima" maana yake ni wenye uwezo wa kuzaa. Kitoto cha chura hakihesabiwi, wala mche uliootea chini ya mama yake.

Kigezo kingine huangalia kasi ya kupungua: kama idadi imeanguka kwa asilimia 80 ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, tukichukua kirefu zaidi kati ya hivyo viwili. Kwa chura vizazi vitatu ni muda mfupi, kwa hiyo tunatumia ile miaka 10. Mti unaochukua miongo kadhaa kukomaa, vizazi vitatu vyake vinaweza kumaliza karne yote. Anayetaka kujua kama umepungua lazima aulize msitu ulikuwaje enzi za babu wa babu yake. Picha za zamani hazipo, hesabu hazipo, na wazee waliouona wameshatangulia. Ndiyo maana mmea unaweza kuwa unakwisha mbele ya macho yetu na karatasi zikaendelea kusema hakuna taarifa za kutosha.

Ilikuwaje chura akafikia hapo?

Alitegemea kitu kimoja tu: rasharasha. Maporomoko ya Kihansi yalikuwa yanapiga miamba na kurusha ukungu wa maji mchana na usiku, na kando yake pakawa na vijibwawa vya nyasi na kuvumwani ambavyo havikauki wala havipati joto kali. Chura huyu aliishi ndani ya ukungu huo, na nje yake hana maisha.

Alipogunduliwa, ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi wa megawati 180, uliogharimiwa na Benki ya Dunia pamoja na wafadhili wengine, ulikuwa umeshaanza. Mitambo ilipowashwa karibu na mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya maji ilihamishiwa kwenye handaki, na korongo likanyamaza. Serikali na wataalamu waliweka mabomba ya kunyunyiza mvua ya kutengeneza juu ya yale makazi, na kwa muda ilisaidia: katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kuwa zaidi ya 17,000. Miezi michache baadaye walianguka ghafla. Mwanzoni mwa 2004 wachunguzi waliona wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono. Ugonjwa wa kuvu uitwao kitridi, unaoshambulia ngozi ya vyura na kuwaua duniani kote, ulikutwa kwao. Mwaka 2009 IUCN ikatangaza kwamba ametoweka porini.

Ninapowasimulia wanafunzi sehemu hii huwa nawaomba wafikirie muda. Kutoka kujulikana na sayansi mpaka kutoweka kwao kwenye asili ni miaka 13. Mwanafunzi aliyezaliwa mwaka aliogunduliwa alikuwa hajamaliza sekondari.

Na mti je? Nani aliuua?

Hakuna tukio moja la kuonyesha kidole. Misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania imebaki vipande vipande, na kila kipande kinamegwa kidogo kidogo: shamba jipya la ufuta, tanuri la mkaa, magogo ya mbao, moto uliowashwa kusafisha shamba ukatoroka. Ukipita njia za Kilwa na Lindi wakati wa kiangazi utaviona vyote. Hakuna anayekwenda msituni kwa nia ya kuumaliza Karomia gigas. Mkulima anafyeka hekari mbili za ufuta ili alipe ada ya mtoto, na ndani ya hizo hekari mbili hajui kama kuna mti ambao haupo kwingine.

Hii ni tofauti kubwa kati ya hawa wawili. Kisa cha chura kina tarehe, kina bomba, kina mitambo na kina barua za serikali. Kisa cha mti hakina siku ya msiba.

Miti yenyewe iko hai na inamea. Mbona mnasema inakwisha?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na nalijibu polepole.

Mnyama akibaki mmoja, tunaelewa mara moja kwamba ni mwisho. Mti ukibaki mmoja unaendelea kutoa majani kila masika, ndege wanatua, kivuli kipo, na unaweza kudumu hivyo miaka mia. Macho yanatudanganya. Cha kuangalia ni chini ya mti, siyo juu. Je, kuna miche? Je, kuna vijana wa kimo cha magoti, wa kimo cha mtu, wa unene wa mkono? Kama wapo wazee watupu, huo ni ukoo ambao kizazi kimekatika, na tunachokitazama ni masalia yanayopumua.

Kwa Karomia gigas tatizo liko kwenye mbegu. Matunda mengi yakipasuliwa hukutwa hayana mbegu nzima ndani, na mengine yameshaliwa na kuvu. Miti iliyobaki iko mbalimbali, na matunda yako juu sana, hayafikiki kwa urahisi. Chura aliye hai bila mwenza atakufa ndani ya miaka michache na tutajua. Mti wa namna hii utatuacha na matumaini ya uongo kwa vizazi viwili vya binadamu.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba mti unatupa muda. Erythrina schliebenii, jamaa wa mjafari wa pwani anayekua kusini mwa Tanzania, aliandikwa kuwa ametoweka mwaka 1998, kisha akapatikana tena, na timu ile ile iliyoukuta Karomia ilimkuta Kilwa. Mmea unaweza kusubiri. Chura hawezi.

Kati ya mnyama na mmea, kipi rahisi kuokoa?

Inategemea umechelewa kiasi gani.

Ukiwahi, mmea ni rahisi. Mbegu za mimea mingi zinaweza kukaushwa, zikawekwa kwenye baridi kali na kudumu miongo mingi. Benki ya mbegu ya Wakehurst kule Uingereza imehifadhi za nchi nyingi, zetu zikiwemo. Tawi linaweza kukatwa na kuotesha mizizi. Mnyama hana njia ya mkato kama hiyo. Vyura wa Kihansi 499 walichukuliwa mwishoni mwa mwaka 2000 na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx na baadaye nyingine, na kila mmoja alihitaji ukungu wa maji saa zote, taa maalumu, na wadudu wadogo wa kumtosha mdomoni. Walikufa mfululizo mpaka wakabaki wasiofika mia kabla wafugaji hawajapata kanuni sahihi. Waliofanikiwa ni Bronx na Toledo. Mwaka 2010, vyura 100 wakarudi Dar es Salaam kwenye maabara iliyojengwa kwa ajili yao chuoni, na kuanzia 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi, kwanza kundi dogo la majaribio, kisha maelfu.

Ukichelewa, ugumu unakuwa wa aina tofauti. Tazama mfano wa nje kidogo. Pale Ol Pejeta, Laikipia, wamebaki faru weupe wa kaskazini wawili, Najin na mwanawe Fatu, wote majike. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Kule Afrika Kusini kuna mmea uitwao Encephalartos woodii, wa jamii ya sikadi, unaofanana na mchikichi mfupi mnene. Ulipatikana mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye, mmoja tu, wa kiume. Jike halijaonekana mpaka leo. Faru wana mayai lakini hawana dume, mmea una chavua lakini hauna jike.

Lakini angalia kilichofuata. Machipukizi ya yule dume wa oNgoye yaligawanywa, na leo amesimama kwenye bustani nyingi duniani, mwili ule ule mmoja uliorudiwa. Hatakufa karibuni. Ila hatazaa. Faru kwa upande wao hawawezi kukatwa vipande na kupandwa, ila wanasayansi wamechukua mayai ya Fatu, wakayarutubisha kwa mbegu za madume zilizogandishwa zamani, na viinitete viko kwenye baridi vikisubiri jike wa kuvibeba. Mmea umepata uhai usio na uzao. Faru wamepata tumaini la uzao, na uhai umebaki kwa wawili.

Na Karomia gigas imeokolewaje?

Kwa kushirikiana pia. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, watafiti wa Dar es Salaam na Bustani ya Mimea ya Missouri walikusanya matunda na kuyapeleka St. Louis mwaka 2018. Maelfu ya matunda yalipasuliwa, mbegu nzuri zilizotoka zilikuwa chache, na miche iliyoota ilikuwa michache zaidi. Baada ya miaka kadhaa mmoja ukatoa ua. Ni ua dogo la zambarau hafifu lenye vinyweleo, na ndilo la kwanza la mti huu ambalo wataalamu wa mimea waliwahi kuliona kwa macho yao. Fikiria: mti umesimama Kilwa miaka yote hiyo, na ua lake likaonekana kwanza kwenye chungu ndani ya nyumba ya vioo.

Mbona vyote vinapelekwa Marekani? Hatuwezi wenyewe?

Swali la haki. Wakati chura anaondolewa, hatukuwa na mahali pa kumfugia, na angesubiri tujenge angekuwa hadithi. Sasa mahali papo, na vijana wa Kitanzania ndio wanaomlisha. Kwa mti, kazi kubwa ya kuutafuta na kuupanda juu kuchuma imefanywa na Watanzania. Ninachotamani kukiona ni vitalu vya Karomia kwenye mikoa ya pwani, karibu na udongo wake.

Sheria inawalinda sawa?

Hapana. Nectophrynoides, jenasi nzima ya chura huyu, iko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, ambako biashara ya kimataifa imepigwa marufuku. Iliwekwa humo miaka ya 1970, yaani kabla hata chura wa Kihansi hajajulikana. Karomia gigas haina ulinzi wa namna hiyo, na pengine hauhitaji, kwa kuwa hakuna anayeuuza nje. Unachohitaji ni msitu wake usifyekwe, na hilo liko chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Wanyamapori wana sheria yao ya mwaka 2009. Tofauti utaiona mtaani: mtu akikamatwa na pembe ya ndovu ni habari ya taifa. Gunia la mkaa linapita barabarani mchana, na hakuna anayejua lilichomwa kutokana na mti gani.

Mpingo nao uko kwenye hali hii?

Haujafika huko, na tuombe usifike. Orodha Nyekundu inauweka karibu na mstari wa hatari, na tangu Januari 2017 uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, yaani unaweza kuuzwa nje kwa kibali.

Nimewahi kukaa kwa wachongaji wa Mwenge na kushika kipande kibichi. Nje kuna mzunguko mwembamba wa rangi ya krimu, ndani giza tupu, na ukikigonga kwa ukucha kinalia kama chuma. Fundi aliniambia zamani walipata magogo ya kukumbatia na sasa wanapata ya kushika kwa mikono miwili. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa mbao. Mfano wa kutia moyo uko Kilwa: baadhi ya vijiji vilivyokabidhiwa misitu yao vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayovunwa kwa uangalifu, mwaka 2009, wakavuna kwa mpango na pesa ikaingia kijijini. Hapo mti una mwenyewe, na mwenye mali huilinda.

Umeme au chura? Mbona tunathamini chura kuliko watu?

Hii kauli niliisikia sana miaka ile, na walioitoa walikuwa wamekaa gizani, siwalaumu. Lakini hatukulazimika kuchagua. Mitambo ya Kihansi inafua umeme, na sehemu ya maji inaachwa ishuke korongoni pamoja na ile ya mabomba. Kama wangemjua chura kabla ya kuchora ramani za handaki, kazi ingekuwa nyepesi na ya bei ndogo. Na tukumbuke kwamba rasharasha ile haikuwa ya chura peke yake. Korongo hilo lina mti wake wa mbuni pia, Coffea kihansiensis, jamaa wa kahawa tunayokunywa, ulioandikwa kitaalamu mwaka 2004. Waliopigania ukungu kwa ajili ya chura, waliupigania na mbuni huo bila kuutaja.

Kwa nini watu wanaumia kwa mnyama na siyo kwa mmea?

Mnyama ana macho. Anakimbia, analia, ana mtoto mgongoni. Mmea tunauona kama ukuta wa kijani nyuma ya mnyama. Waambie wanafunzi watazame picha ya twiga chini ya mgunga, kisha uwaulize wameona nini: twiga. Takwimu hazifuati huruma zetu. IUCN ilitangaza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya aina za miti zilizotathminiwa duniani ziko hatarini. Kwa vyura na jamaa zao ni asilimia 41, wanyama wanyonyeshao kama robo, na ndege wako chini zaidi. Miti imekaa jirani na vyura kwenye msiba huu, na ndege tunaowapigia kelele wana nafuu.

Nikiona mti nisioujua msituni kwetu nifanye nini?

Waulize wazee kwanza. Mara nyingi mti una jina la kijiji na dawa yake hata kama wataalamu hawajaufikia. Piga picha ya gome, jani pande zote mbili, ua na tunda, na uandike mahali ulipo. Peleka kwa afisa misitu wa wilaya, au kwenye hifadhi ya sampuli za mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa Kenya, ile ya Makumbusho ya Taifa Nairobi. Usikate tawi wala kumenya gome kwa ajili ya ushahidi. Ukiruhusiwa kuokota tunda lililoanguka, litie kwenye bahasha ya karatasi na uandike tarehe juu yake. Usitumie mfuko wa plastiki: unyevu hubaki ndani, na kuvu itaanza kazi kabla hujafika mjini.